Fedha hizo hazipiti mikononi mwa mzazi
Makala inadai kwamba mzazi wa California anayemsomesha mtoto nyumbani chini ya shule ya mkataba, yaani shule ya umma inayojiendesha kwa hati maalumu, hupewa fedha za serikali azitumie apendavyo. Sivyo. Nimewasomesha wanangu wawili hivyo kwa miaka minne bila kushika hata senti moja: niliomba kitabu au hadubini, mwalimu msimamizi akaidhinisha, shule ikamlipa muuzaji moja kwa moja, na ile hadubini, iliyobandikwa namba ya shule, tuliirudisha mwaka ulipokwisha. Vitabu vya dini havigharimiwi kabisa. Juzuu amma tulijinunulia wenyewe. Mwalimu huyo, mwenye leseni ya jimbo, alikuja kila baada ya siku 20 za masomo, akaketi jikoni kwetu kupekua madaftari na kuchukua sampuli za kazi, hata karatasi ya hesabu iliyomwagikiwa chai. Kisheria watoto hawa ni wanafunzi wa shule ya umma, nao hufanya mitihani ya jimbo. Mwandishi amewachanganya na watoto ambao wazazi wao huwasilisha kiapo cha shule binafsi, yaani tamko kwa jimbo kwamba wanaendesha shule binafsi nyumbani, na kujigharimia kila kitu. Je, yupo msomaji aliyewahi kuidhinishiwa vitabu vya Kiswahili kuwa somo la lugha?