Shikamoo ya Saa Nane Usiku

Kanazawa ni mji wa mafundi. Dhahabu ya kupambia ya Japani karibu yote hufuliwa pale, ikapondwa mpaka unene wake ukawa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hoteli yetu ilikuwa mpya lakini imejengwa kikale: mikeka ya tatami, vijiti vya kumiko, urembo wa mbao, vilivyoshikana bila msumari hata mmoja, na ukuta wa mapokezi unaong'aa dhahabu. Baba mkwe, niliyefuatana naye kununua magari ya mtumba, alinyoosha kidole aikwangue. Nikamvuta koti.

Tulipewa chumba kimoja kikubwa. Mhudumu akavuta fusuma katikati, vikawa viwili. Yaani ukuta wenyewe ni karatasi iliyotandazwa juu ya fremu ya mbao, unateleza kwenye mfereji. Mimi mtu wa Unguja, niliyekulia nyuma ya mlango wa msaji wenye njumu za shaba, nikajiuliza: hapa mtu anabishaje hodi? Ukigonga, umetoboa!

Saa nane usiku haja ikanishika. Giza totoro. Kila upande fusuma zile zile, kitasa hakuna. Nikavuta moja: kabati la magodoro. Nyingine: dirisha la karatasi na mbalamwezi. Ya tatu ikagoma. Nikaitia bega.

Fusuma haina bawaba. Imepachikwa tu, na mfereji wa juu una kina zaidi ili iweze kunyanyuliwa na kutolewa. Ubunifu mzuri, ila aliyeubuni bila shaka hakulala jirani na mkwewe. Ikang'oka nzima nzima, nami juu yake, yukata, lile joho jepesi la kulalia, imefunguka mpaka kitovuni, tukatua miguuni pa mzee.

"Audhubillahi!" Mto ukanipata utosini. Na mito ya kule mingine hujazwa maganda ya nafaka, si sufi. Nikiwa kifudifudi, malezi yakanitoka mdomoni yenyewe:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, naye kwa mazoea. Kisha akawasha taa. "Mkwe, hodi umepiga?"

Mhudumu akaja mbio na soksi zake, akainama. Nami nikainama, yukata ikazidi kuniaibisha. Akainyanyua fusuma, akaitia juu kwanza, kisha chini, ikakaa. Hata mkwaruzo! Mzee akaburuta sanduku lake, akaliegemeza kwa upande wake.

Mhudumu akaniuliza kwa upole kama kuna kingine ninachohitaji.

"Choo," nikamwambia.