Mzazi akichagua shule, anachagua nini hasa?

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, ibara ya 26, linampa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Waliolipitisha walikuwa wameona Wanazi wakiyageuza madarasa kuwa viwanda vya propaganda, na hoja yao bado ina uzito. Mzazi ndiye anayejua kwamba mwanawe huogopa kuuliza maswali, au kwamba safari ndefu ya kila asubuhi itamchosha. Wizara haiwezi kuyajua hayo.

Tatizo ni kipimo. Wengi wetu huangalia ufaulu, na shule inayowachuja watoto kwa usaili na kwa ada itafaulisha hata kama walimu wake ni wa kawaida, maana imepokea watoto waliokwisha kuandaliwa nyumbani. Mzazi anaamini amelipia ufundishaji, kumbe mara nyingi amelipia aina ya wanafunzi watakaosoma na mwanawe. Afadhali aulize mtoto anayebaki nyuma pale hufanywaje: husaidiwa, au huondolewa asije akashusha wastani?

Simlaumu mzazi huyo. Kumtakia mwanawe wenzake wazuri ni haki yake. Ila wote wakifanya hivyo, wapo watakaoachwa. Chile ililiona hilo. Kuanzia 1981 serikali ilimlipia ruzuku kila mwanafunzi, awe shule ya umma au ya binafsi iliyo kwenye mpango huo. Wenye uwezo wakahama, shule za umma zikapungukiwa, na watoto wakagawanyika kwa vipato vya wazazi wao. Wanafunzi wenyewe waliingia barabarani 2006 na tena 2011. Sheria ya 2015 ikazizuia kwa sehemu kubwa shule zenye ruzuku kuchuja watoto, na ikaanza kuziondolea ada hatua kwa hatua. Mzazi bado anachagua: anaorodhesha shule anazozitaka, na nafasi zisipotosha, kura ya bahati nasibu huamua baada ya vipaumbele kama vile kuwa na ndugu shuleni hapo.

Wapo waliolalamika kwamba kijana mwenye bidii sasa anawekwa kapu moja na mzembe. Kwa kijana wa sekondari, naliona lalamiko hilo kuwa la haki. Kwa mtoto wa miaka sita silikubali, kwa sababu bidii inayopimwa kwenye usaili wake ni ya wazazi wake.