Kuzaa si tusi

Kuna ustaarabu umetuingia kwenye lugha, na sasa umezidi. Mtu akiandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba dada fulani amezaa, hakosekani wa kumsahihisha: "Sema amejifungua, bwana. Anayezaa ni ng'ombe."

Ng'ombe anazaa, kweli. Hata mwembe unazaa. Lakini hao hao wanaolikimbia neno hilo hukata keki siku yao ya kuzaliwa, huitwa shuleni kwenye kikao cha wazazi, huenda kliniki ya uzazi wa mpango, wala hawaoni haya. Shina ni lile lile.

Sina ugomvi na kujifungua. Ni neno lenye heshima yake: mimba ni fundo, na siku ikitimia mama analifungua mwenyewe. (Kwenye kifungua mimba, anayefungua ni mtoto. Kiswahili kimewagawia sifa wote wawili.) Ila kujifungua ni tukio la siku ile: uchungu, leba, mkunga. Ndiyo maana tunauliza, kajifungua salama? Kawaida au kwa upasuaji?

Kuzaa kumebeba zaidi ya hapo. Kuna nasaba ndani yake. Mwanamume hajifungui, lakini anazaa. Injili ya Mathayo inaanza na wanaume wanaozaa, Ibrahimu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, na sijasikia muumini aliyelalamika. Bibi akikwambia, "Nimezaa saba, wamebaki watano," amekusimulia maisha yake. Msahihishe aseme "nimejifungua watoto saba" uone maneno yake yanavyogeuka kadi ya kliniki.

Pwani, mwanamke aliyetoka kujifungua ndiye mzazi hasa. Tunakwenda kumtazama mzazi, tunampelekea uji wa pilipili manga. Uchaggani angepikiwa mtori. Anapewa hongera na pole kwa pamoja. Jina hilo limetoka kwenye kuzaa, na hakuna aliyewahi kuliona la kumvunjia mtu heshima.

Najua wapo walioumizwa na "utazaa lini?" Lakini kinachochoma pale ni umbea. Muulize bibi harusi wa mwaka jana "utatuletea lini mjukuu?" kwa sauti laini kabisa, atachomeka vilevile.

Kama tunataka kweli kuchunga ndimi, tuanze na kuzalisha. Mkunga akimzalisha mtu, tunamshukuru. Kijana akimzalisha binti wa watu kisha akahama mji, mtaa unasema: "Yule kazalishwa, yuko kwao." Sikiliza hiyo kauli ya kutendwa. Binti katajwa, kwao kumetajwa, mwanamume kafutika ndani ya sentensi. Sijaona mtu akisahihishwa kwa hilo kwenye kundi letu, na baadhi ya wanaolitumia ni wale wale wasiotaka kusikia amezaa.