Kanuni za Darasa la Kiingereza Ziandikwe kwa Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Kiingereza katika shule ya kata, nilibandika ukutani kanuni kumi na nne, zote kwa Kiingereza, nikiamini kwamba darasa lisilo na kanuni kali ni genge. Mwezi mmoja baadaye nilimsimamisha msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza asome kanuni ya tisa, naye akaisoma kwa sauti safi bila kukosea hata neno moja. Nilipomwuliza maana yake, akainamisha kichwa. Kanuni ile ilisema kwamba mwanafunzi aliyekosa kipindi kwa ugonjwa anazo siku tatu za kukamilisha zoezi. Msichana huyo alikuwa ametoka kuugua malaria wiki iliyotangulia, na mimi nilikuwa nimempa sifuri kwa kuwa hakuja kudai haki ambayo hakujua kwamba anayo.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya wenzangu huuona wa ajabu: kanuni za darasa la Kiingereza, hasa la Kidato cha Kwanza, ziandikwe kwanza kwa Kiswahili. Watoto wengi wanaotujia wamesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza wamekijua kama somo moja kati ya masomo mengine, kisha Januari moja wanakuta fizikia, historia na hata matangazo ya mstarini yamegeuka lugha. Iwapo mfumo huo unafaa au haufai ni mjadala mkongwe. Tume ya Makweta, yaani tume ya rais iliyoupitia mfumo wa elimu Tanzania, ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Mimi hapa sizungumzii lugha ya kufundishia. Nazungumzia makubaliano kati ya mwalimu na mwanafunzi, na makubaliano yasiyoeleweka na upande mmoja hayawezi kuitwa makubaliano.

Kanuni ninayoipinga zaidi ni ile inayokataza Kiswahili kabisa na kulindwa kwa kibao cha shingoni. Waliosoma shule zenye kibao hicho wanakijua: aliyeteleza akasema neno la Kiswahili anakivaa, naye hana njia ya kukivua mpaka amnase mwenzake. Kinachotokea ni kwamba mtoto mmoja anageuka mpelelezi, wenye hofu wanajifunza kunyamaza hadi kengele ilie, na mwalimu wa zamu anapita dirishani akilisifu darasa kwa utulivu wake. Nimewahi kufundisha darasa la namna hiyo. Nilitoka nikiwa nimeongea peke yangu dakika arobaini, na Kiingereza pekee kilichotamkwa na wanafunzi kilikuwa cha kunisalimu na kuniaga.

Siku hizi natenga dakika kumi na tano za mwisho wa kipindi kuwa za Kiingereza, na ndani ya dakika hizo simkatizi anayezungumza ili nimsahihishe. Makosa nayaandika pembeni, kisha nayarudia kesho bila kutaja ni ya nani. Kanuni ninayoisimamia kwa ukali kuliko zote ni ya kutomcheka mtu matamshi, kwa sababu mtoto aliyechekwa mara moja kwa kuchanganya r na l anaweza kumaliza miaka minne bila kunyoosha mkono tena, na viboko havimrudishii ujasiri huo.

Mahudhurio, sare na simu vina kanuni za shule, sivigusi. Kazi inayochelewa nina la kusema juu yake. Nina mikondo mitatu yenye wanafunzi wapatao sitini kila mmoja. Nikiwapa wote insha moja, hizo ni insha 180, na kwa dakika tano kila moja nimekwisha kutumia saa 15. Nikikaa na madaftari yao mwezi mzima halafu nikamwadhibu aliyechelewa siku moja, kwa kuwa jioni alitumwa maji na nyumbani hakuna umeme, nitakuwa nimejipendelea. Kwa hiyo kanuni yangu ina pande mbili: mwanafunzi mwenye udhuru aniarifu kabla ya siku ya kukusanya, na mimi nirudishe madaftari ndani ya wiki mbili, la sivyo darasa zima linapata muda wa nyongeza katika zoezi linalofuata. Kiranja ndiye mwenye kalenda. Mkuu wa shule hakufurahi aliposikia, lakini hajanizuia.

Kunakili nako kunahitaji busara. Niliwahi kupokea barua saba za kumwomba mjomba karo ya shule, zote zikiwa na mjomba yuleyule aishiye London na kosa lilelile katika neno la tatu. Sifuri saba zingenichukua dakika moja. Niliwaketisha wale saba waandike upya mbele yangu, kila mmoja kwa mjomba wake wa kweli, na barua zilizotoka zilikuwa fupi, mbovu kisarufi, na zao.

Lipo pia jambo la matarajio. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, daraja D, la chini kabisa la kufaulu, linaanzia alama 30, na wapo watoto, na walimu pia, waliokwisha kuifanya 30 kuwa kilele cha mlima. Nawaambia wanafunzi wangu wiki ya kwanza, kwa Kiswahili kisicho na mafumbo, kwamba kufikia Desemba kila mmoja aweze kuandika barua ya ukurasa mmoja bila kuangalia kwa mwenzake, kusoma habari fupi ya gazeti na kuieleza kwa maneno yake, na kusimama mbele ya darasa azungumze dakika mbili. Hayo wanayaelewa, na wanaweza kujipima wenyewe bila kunisubiri mimi.

Karatasi iliyopo ukutani sasa ina kanuni sita, Kiswahili upande wa kushoto na Kiingereza upande wa kulia. Mwaka jana mkondo B waliongeza ya saba upande wa kulia tu, kwa Kiingereza chao chenye makosa mawili, wakinitaka niache kuzungumza haraka. Bado ipo pale, na makosa yake.