Mchuzi Usiotajwa Jina

Katika muhula wa pili wa mwaka wangu wa kwanza, kwenye chuo kimoja kidogo cha katikati ya Marekani, nilijiandikisha katika somo la ustaarabu wa Roma ya kale kwa sababu moja tu: kipindi chake kilikuwa saa nane mchana, na masomo mengine yote yaliyobaki yalianza saa mbili asubuhi, wakati theluji ingali inaanguka na mwenye akili zake yumo ndani ya blanketi. Sikuwa na mapenzi na Warumi wala ugomvi nao. Nilichokijua juu yao ni Julius Caesar, ambaye Mwalimu Nyerere alituletea kwa Kiswahili mwaka 1963, kwa hiyo nilifahamu kwamba huko watu waliuana kwa visu na kuhutubiana kwa ufasaha mkubwa.

Yote yangepita salama kama katika wiki ya tatu profesa wetu, mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni, asingetusomea kitabu cha mwongozo wa mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, chenye habari za bandari ya Rhapta, ya mwisho katika pwani ya Azania, ambako wafanyabiashara walifuata pembe za ndovu. Akaeleza kwamba wanahistoria wengi wanaiweka bandari hiyo katika pwani ya Tanzania ya leo. Darasa zima likageuka kunitazama, kana kwamba babu yangu ndiye aliyewapimia watu hao pembe. Kitabu kinasema kwamba mashua za huko zilishonwa kwa kamba, nami nikanyosha mkono na kueleza kwamba kwetu vyombo vya namna hiyo viliitwa mitepe. Profesa alifurahi hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo nikawa Balozi wa Rhapta, na cheo hicho, ambacho hakikuwa na mshahara wala gari, kilinivimbisha kichwa kuliko nilivyotambua.

Ndipo ikaja kazi ya muhula. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kwa mikono yake kitu kimoja kilichotumiwa na Warumi, kisha akieleze mbele ya wenzake kwa dakika kumi. Wenye busara walichagua mapema vibao vya nta vya kuandikia. Mmoja alichukua toga, nguo rasmi ya raia wa Roma, akidhani kwamba shuka la kitandani lingemtosha, ingawa profesa alikwisha kutuonya kwamba toga halisi ilikuwa kitambaa cha sufu cha mita tano na zaidi, kilichokatwa kama nusu duara, kisicho na kifungo wala pini, ambacho mvaaji alilazimika kukishikilia kwa mkono wa kushoto kutwa nzima. Mimi nilichagua garumu.

Kwa asiyejua, garumu ni mchuzi wa samaki ambao Warumi walitia karibu katika kila chakula, na ulitengenezwa kwa kuwaacha samaki pamoja na matumbo yao ndani ya chumvi hadi wayeyuke. Pliny Mkubwa, mwandishi aliyekufa mwaka 79 Mlima Vesuvius ulipolipuka, anauita majimaji ya vitu vinavyooza, halafu bila haya yoyote anatuambia kwamba ule wa daraja la juu uliuzwa sesta 1,000 kwa kiasi cha lita sita na nusu. Askari wa jeshi la Roma wakati huo alilipwa sesta 900 kwa mwaka. Profesa alituonyesha pia picha ya nyumba ya Umbricius Scaurus, mfanyabiashara wa Pompeii aliyetajirika kwa garumu hadi akatandaza sakafuni, kwa vijiwe vyeupe na vyeusi, picha za chupa zake zikiwa na maandishi ya kujisifu. Niliitazama sakafu ile, nikaona kwamba huyu ni mtu wa kwetu kabisa.

Maana mimi ni mtoto wa Tanga. Bibi yangu ametengeneza ng'onda tangu kabla mama yangu hajazaliwa: humpasua samaki, humtia chumvi, humlaza juu ya kichanja, kisha hukaa kivulini na kijiti akifukuza paka. Nilijiuliza ni jambo gani kuhusu samaki ambalo Mrumi angeweza kunifundisha, nikaona hakuna.

Maelekezo niliyoyapata yalitoka katika kitabu cha kilimo kilichokusanywa Constantinople katika karne ya 10, nayo yalikuwa wazi kabisa: chumvi kipimo kimoja kwa vipimo vinane vya samaki, walale usiku mmoja, kisha watiwe katika chombo cha udongo na kuachwa wazi juani kwa miezi miwili au mitatu, huku wakikorogwa kwa kijiti. Nilikuwa na wiki sita. Jua lilikuwa halijaonekana tangu Krismasi. Chombo cha udongo sikuwa nacho, ila niliomba jikoni chuoni chupa kubwa ya kioo iliyokuwa na achari ya matango. Badala ya jua niliamua kutumia kipasha joto cha chumbani, kilichokuwa chini ya dirisha nyuma ya kitanda changu. Kwa kuwa chumvi ndiyo inayomzuia samaki asioze, na mimi nilikuwa na haraka naye, niliipunguza nusu. Halafu, kwa kumhurumia mwenzangu wa chumbani, kijana mpole, mtoto wa mkulima wa mahindi, nilikifunga kifuniko kwa nguvu zangu zote ili harufu isitoke.

Nilinunua vibua kilo tatu katika duka la Wavietnamu, nikawatia humo pamoja na matumbo yao, na kila jioni, mwenzangu alipokwenda kuogelea, nilikuwa nafungua, nakoroga kwa kijiti cha kulia wali, nafunga, kisha nafunika chupa kwa boksi la viatu vya theluji.

Siku ya kwanza hadi ya tano kulikuwa na shombo, na shombo mimi naichukulia kama salamu kutoka nyumbani. Siku ya sita shombo ilianza kugeuka kuwa kitu kingine. Wasioishi karibu na samaki hudhani shombo na uvundo ni ndugu, kumbe hata kijiji kimoja hawatoki. Mwenzangu alianza kwa kufua soksi zake zote. Kesho yake alifua na zangu, bila kusema neno, jambo ambalo mpaka leo likinijia moyoni naona haya. Siku ya tisa alibadilisha pipa la takataka. Siku ya kumi, wa chumba cha pili walibisha hodi wakauliza kwa adabu kama tuko wazima.

Siku ya kumi na moja alikuja fundi wa jengo. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja, akatamka kwa uhakika wa mtu aliyefanya kazi hiyo miaka ishirini kwamba humu darini amefia mnyama, na kwa ukubwa wa harufu hiyo si panya bali ni kindi, au kindi wawili. Hapa ndipo nilipopaswa kusema. Hata hivyo nilikumbuka kwamba Pliny anaisifu garumu kuwa ni dawa ya mtu aliyeungua, kwa sharti kwamba anayemmiminia asilitaje jina la garumu. Nikaona hilo ni sharti la hekima, nikalitii. Si hivyo tu. Fundi alipopanda ngazi na kuanza kuondoa vibao vya dari kimoja baada ya kingine, mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nilimwelekezea mwanga kila pembe ambayo chupa haikuwepo. Tulitafuta kwa dakika arobaini, yeye juu na mimi chini, na kila aliposema kwamba harufu inaonekana kuzidi upande wa dirishani, nilimwambia kwamba pengine ni upepo. Mwishowe alinishukuru kwa msaada, akanipa mkono, akaniahidi kurudi Jumatatu na mwenzake pamoja na mitego.

Jumatatu hatukuifikia. Kwa aibu ya mambo ya fundi nilikuwa nimeacha kufungua chupa kwa siku mbili nzima, na vibua hawakupenda kufungiwa. Usiku wa kuamkia Jumapili, saa nane, ulisikika mlio kama wa gobore. Kifuniko kilipiga dari, kikaangukia kifuani mwa mwenzangu, na nyuma yake ikafuata garumu yenyewe, ya kijivu, yenye povu, ikaenea ukutani, kwenye pazia na juu ya koti langu la baridi lililokuwa limetundikwa karibu na dirisha. Mwenzangu aliamka akakimbia ukumbini bila viatu huku akipiga kelele kwamba kindi amepasuka. Mtu mmoja aliyesikia neno kupasuka pamoja na harufu hiyo alidhani ni bomba la gesi, akavuta king'ora.

Baada ya dakika tano jengo zima lilikuwa nje kwenye theluji, wengine wamevaa taulo tu. Mimi nilisimama kando nikiwa na koti langu, kwa sababu sikuwa na jingine, na watu waliacha nafasi kubwa pande zangu zote nne, kama wanavyofanyiwa wafalme. Wazima moto waliingia na vinyago usoni, na walipotoka, mmoja wao alikuwa ameibeba chupa kwa mikono iliyonyooshwa mbele kabisa. Mlinzi wa chuo akauliza ni ya nani. Nikajitaja. Akauliza ni kitu gani.

"Ni mchuzi," nikasema.

"Mchuzi wa nani?"

"Wa Warumi."

Aliandika jambo hilo kwenye daftari lake, kisha akalikata, kisha akaliandika tena.

Nilitozwa fedha za kusafisha chumba, niliandika barua ya kuomba radhi kwa wakazi wote wa bweni, na nilikwenda mwenyewe kwa fundi nikamweleza habari za tochi. Alinitazama muda mrefu bila kusema kitu, nami nilitamani anitukane. Nilimpigia simu Bibi pia, nikitumaini kufarijiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza chumvi kiasi gani, nikamjibu.

"Mume wangu," akasema, "ulikuwa humhifadhi huyo samaki. Ulikuwa unamzika."

Siku ya kuonyesha kazi zetu nilikwenda darasani mikono mitupu, kwa maana chupa ilikuwa imechukuliwa na kutupwa mahali ambapo hakuna aliyekubali kuniambia. Nilieleza sesta 1,000 za Pliny, sakafu ya Scaurus na kosa langu la chumvi, na niliona wazi kwamba hakuna anayenisikiliza, kwa kuwa wote walikuwa wananitafuta kwa pua. Koti nilikuwa nimelifua mara tatu. Profesa akaomba nilivue, akalishika mkono wa kulia wa koti, akaunusa kwa utulivu wa mtaalamu, akasema kwamba katika miaka yake yote ya kufundisha somo hili hajapata kushika ushahidi kama huo, na akaagiza upitishwe kwa kila mmoja.

Ukapita kwa zamu, dawati kwa dawati. Wengine walinusa kwa mbali, wengine walijitia ushujaa wakajuta. Ulipomfikia kijana wa toga, ambaye zamu yake ya kueleza ilikuwa bado na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikilia shuka kwa uangalifu tangu asubuhi, aliupokea kwa mkono wa kulia, akausogeza puani, akavuta pumzi kwa nguvu, kisha mikono yote miwili ikaenda kuziba pua kwa pamoja. Shuka likashuka lote. Chini yake raia wa Roma alikuwa amevaa kaptura yenye picha za ndizi, na kwa mara ya kwanza tangu usiku ule wa king'ora, nilikaa chumba kimoja na watu ambao hawakuwa wakinitazama mimi.