Acheni Herufi Zichakae

Eti "imerudishwa katika hali ya kiwandani". Ndivyo walivyoandika chini ya picha ya paneli ya swichi ya ndege ya kivita ya Uingereza, ya enzi za Vita Kuu ya Pili, iliyopelekwa mnadani. Herufi nyeupe pe! Kila mchongo umejazwa rangi hadi ukingoni, kila neno linang'aa sawasawa na mwenzake, na wanunuzi wanashangilia huku bei ikipanda. Mimi nilipoikuza picha niliona jambo moja tu: mtu kashika mashine ndogo ya kuchonga, kapitisha ncha yake ndani ya kila herufi, kafuta miaka themanini kwa jioni moja. Hongera sana, fundi. Umempaka maiti wanja.

Herufi zile hazikuwa mapambo. Zilichongwa kwa pantografu, mashine za aina ya Taylor Hobson kwa Waingereza na Gorton kwa Wamarekani. Mchongaji anafuatisha herufi kubwa ya kielelezo kwa mkono mmoja wa mashine, na mkono wa pili unaichonga ndogo kwenye kibao. Kwa kuwa ncha inayochonga inazunguka, kila mstari una unene uleule na unaishia kwa mviringo. Ndiyo maana mwandiko ule unatambulika hata ukiwa umefumba jicho moja. Ila nyuma ya mashine alikuwapo binadamu. E hii imezama kuliko ile, R imeteleza nywele moja, nafasi kati ya maneno imebanwa kwa sababu kibao kilikuwa kinaisha. Ukirudia mchongo kwa ncha ya leo, au ukipeleka kibao kwenye leza, hivyo vyote vinaondoka. Leza inachonga vizuri mno, hilo sikatai, lakini inaacha pembe kali na kingo zilizoungua ambazo mchongaji wa mwaka 1941 asingeweza kuziacha hata angetaka.

Lakini kinachoniuma zaidi ni uchakavu wenyewe. Tazama paneli ambayo haijaguswa. Kando ya swichi iliyokuwa ikiwashwa kila safari, rangi ya ndani ya herufi imelika, na weusi unaozunguka umesuguliwa na kidole cha glavu hadi chuma kinachungulia. Kando ya swichi ya dharura, herufi bado nzima kabisa, kwa sababu hakuna aliyeigusa, au aliyeigusa aliigusa mara moja. Huo ni ushahidi. Unakuambia rubani alikuwa akifikia upande gani kwanza, dole gumba lake lilipumzika wapi, lebo ipi ilisomwa na ipi ilisahaulika. Hakuna mwongozo wa urubani ulioandika hayo. Halafu anakuja mtu na kopo la rangi nyeupe anazisawazisha zote, iliyotumika na isiyotumika, eti zipendeze!

Na si maneno makubwa tu yanayopotea. Kuna vibao vya marekebisho, vile vyenye safu ya namba, ambapo kila rekebisho lililofanyika namba yake ilikatwa kwa mkwaruzo au kupigwa mhuri. Nimeshaona kibao ambacho fundi aliona mikwaruzo ile ni uchafu, akaisugua ikaisha, akajaza namba zote rangi. Kifaa sasa kinadai hakijawahi kurekebishwa tangu kizaliwe. Kuna mihuri midogo ya wakaguzi wa AID, idara ya Uingereza ya ukaguzi wa ndege, ambayo tabaka moja la rangi nzito linatosha kuizika. Kuna herufi CBAF kwenye vipande vya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, vilivyotoka Castle Bromwich, kiwanda kilichounda zaidi ya nusu ya Spitfire zote 20,000 na ushee. Kuna namba za sehemu: 300 ni ya muundo wa awali, 349 ya Mk V (toleo la tano), 361 ya Mk IX (la tisa), na kwa kuwa kipande kisichobadilishwa kilibaki na namba yake ya kwanza, ndege moja inaweza kubeba namba za vizazi vitatu. Anayejua kusoma anausoma ukoo mzima hapo. Wewe unampigia msasa.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka ile P-40, ndege ya kivita iliyoundwa Marekani, iliyokutwa jangwani Misri mwaka 2012. Ilikuwa imekaa pale tangu 1942, mchanga na upepo vimeilamba rangi, na kila alama iliyobaki ilikuwa imeipata kihalali. Wakaipaka rangi mpya kabisa na kuiweka kwenye makumbusho ya El Alamein, hukohuko Misri. Leo inaonekana kama ndege yoyote iliyopakwa rangi, na hakuna wa kuturudishia ile ya jangwani. Linganisha na Flak-Bait, ndege ya mabomu aina ya B-26 ya makumbusho ya Smithsonian ya Marekani, iliyoruka zaidi ya misheni 200 juu ya Ulaya: wataalamu wake wameamua kuihifadhi na rangi yake ya vitani, viraka na matundu yake, badala ya kuifanya mpya. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupaka, na pengine ndiyo sababu wengi hawaitaki.

Hapa kejeli naiweka pembeni. Ujazo wa rangi ya njano iliyogeuka kahawia ndani ya mchongo, au kwenye ncha za swichi, au kwenye dira ya ndege aina ya P8, unaweza kuwa rangi ya rediamu, madini yenye mionzi yaliyotumika ili maandishi yang'ae gizani. Haing'ai tena gizani, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilichokufa ni kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga. Rediamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Ukiikwangua kwa sindano inakuwa vumbi, na vumbi hilo ukilivuta halitoki. Pima kwa kipima mionzi kwanza. Kikilia, usichokonoe, usipulize, usipige msasa, na usiifanyie kazi kwenye meza wanayolia chakula watoto.

Haya, ndege ambayo bado inaruka ina sababu. Rubani hawezi kubahatisha ni mkono upi wa mafuta na upi wa magurudumu, na mkaguzi hatajali hisia zangu kuhusu dole gumba la mtu wa 1943. Nakubali, shingo upande. Basi chonga kibao kipya, kifunge kwenye ndege, cha zamani kitie kwenye kisanduku chenye jina la ndege hiyo. Hakuna kinachokulazimisha kuharibu kimoja ili upate kingine.

Wale wa "nimenunua kwa pesa yangu", sawa, ni pesa yenu.

Na hata kupendeza kwenyewe mara nyingi hamkupati. Vibao vya Traffolyte, plastiki ngumu ya kuchongea lebo, vya tabaka tatu havina rangi ndani ya herufi. Mchongo unapita tabaka jeusi la juu na kufika jeupe la kati. Ukichonga tena kwa pupa unatokea kwenye jeusi la chini, na neno limekufa. Paneli za miaka ya baada ya vita, zile za plastiki zinazowashwa taa kwa ndani, zinahitaji mwanga upite kwenye herufi, na nyinyi mnaujazia rangi. Asetoni nayo inaipasua plastiki hiyo ufa baada ya ufa huku mkitazama.

Ikiwa lazima uguse, na umeshahakikisha hakuna rediamu, tumia pamba, maji yaliyokenekwa na tone la sabuni laini. Jaribu pembeni kabla ya katikati. Herufi isiyosomeka kabisa ijaze nta laini ya rangi iliyofifia kidogo, ambayo kesho mwingine anaweza kuitoa bila kuacha alama, na zile zinazosomeka zipite. Piga picha kabla na baada.

Na wauzaji, andikeni kilichofanyika: herufi zipi zimejazwa, zipi zimechongwa upya, kwa kifaa gani. "Hali ya kiwandani" haimwambii mnunuzi chochote, na paneli niliyoiona ilitoka kiwandani mara moja tu.