Eosinofili na kovu la moyo: tumechunguza waliochelewa

Mwaka 1936 Wilhelm Löffler wa Uswisi alieleza wagonjwa ambao utando wa ndani wa moyo ulikuwa umenenepa na damu yao imejaa eosinofili, zile seli nyeupe zinazopanda mtu akiwa na minyoo au mzio. Mwaka 1948 J.N.P. Davies, mwanapatholojia wa Kampala, akaeleza mioyo yenye makovu kama hayo, ugonjwa wa nchi za joto unaoitwa EMF (kovu la utando wa ndani wa moyo). Ila wagonjwa wengi wa nchi za joto wanapopimwa hospitalini, eosinofili zao hazitishi. Hapo ndipo ubishi ulipoanzia: ugonjwa mmoja au miwili?

Wanaosema ni miwili wana hoja. Vijijini kwetu minyoo na kichocho huzipandisha eosinofili za watu chungu nzima, na mioyo yao ni mizima. Hata zikiwa nyingi sana, wingi huo haukuambii ni moyo wa nani utakaoumia. Ndiyo maana wengine wameshuku mihogo, madini ya seriamu yaliyo udongoni, lishe duni, au urithi wa ukoo.

Lakini upande wa pili, wa wanaosema ni mmoja, husomwa vibaya, kana kwamba unadai kila mwenye minyoo ataugua moyo. Haudai hivyo. Unachosema ni kwamba seli hizi huanzisha madhara kisha huondoka. Huingia kwenye misuli ya moyo na kumwaga protini zenye sumu, silaha ya kuulia minyoo, misuli hufa. Juu ya kidonda hicho damu huganda, na bonge likichomoka mtu anaweza kupata kiharusi. Mwisho ni kovu: chumba cha moyo hubanwa, vali huvutwa, tumbo hujaa maji huku miguu haijavimba sana. Kumhesabia mgonjwa eosinofili katika hatua hiyo ni kutafuta moshi kwenye jivu la mwaka jana. Na hata hivyo, utafiti wa Uganda wa mwaka 1999 ulipolinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa uliukuta ugonjwa ukiandamana na eosinofili nyingi, na umaskini pia.

Kuna hesabu moja ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Huko Inharrime, Msumbiji, daktari wa moyo Ana Olga Mocumbi na wenzake hawakungoja wagonjwa waje. Waliwapima wanakijiji 1,063 kwa ultrasaundi ya moyo na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Waliokutwa na ugonjwa ni 211, yaani asilimia 19.8. Kwa wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ilikuwa asilimia 28.1. Kati ya hao 211, waliokuwa na dalili ni 48 tu. Wengine 163 walikuwa na moyo ulioanza kuharibika bila kuhisi lolote. Hesabu hii haithibitishi kwamba eosinofili ndiyo chanzo. Inaonyesha kwamba elimu yetu ya wodini imejengwa juu ya watu wa aina ya wale 48, tena walio hoi zaidi miongoni mwao, nasi tukawauliza jinsi ugonjwa ulivyoanza.

Kwenye tiba ubishi huu una gharama. Eosinofili zikizidi 1,500 kwa mikrolita ya damu na moyo umeguswa, steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, huzishusha haraka. Wenye hitilafu ya jeni ya FIP1L1-PDGFRA, inayozalisha eosinofili kupita kiasi, wana dawa ya imatinibu, inayoanzwa pamoja na steroidi ili moyo usipate mshtuko. Dawa nyingine, mepolizumabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa ugonjwa wa eosinofili kuzidi (HES). Kovu likishakomaa, hakuna dawa kati ya hizi inayolifuta. Hubaki upasuaji wa kulibandua, ambao ni mzito.

Wanaopinga tiba ya mapema wanaogopa steroidi, na hofu yao ni ya kweli: mtu mwenye strongiloidi akipewa, minyoo hiyo husambaa mwilini na inaweza kumuua. Lakini dawa ya minyoo, ivermektini, ipo, na inaweza kutangulizwa. (Kwenye maeneo ya loa loa, minyoo ya macho, kama sehemu za Congo, pima kwanza, maana huko ivermektini nayo ina hatari zake.) Hofu yenye kinga haitoshi kuwa sababu ya kungoja kovu.

Kigumu zaidi ni jaribio lenyewe la tiba ya mapema. Litawahitaji watu kama wale 163, wakiwemo watoto na vijana wanaocheza mpira bila kuhema. Sijui mzazi gani atakubali mwanawe ameze steroidi kwa ugonjwa ambao hauonekani, na simlaumu atakayekataa.